Ngozi Mbichi

Buteba,
Jumatatu, 2 Februari 1953

Mkwe wangu Mangeni,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tororo. Sisi wazima, isipokuwa kwa hilo nitakalolisema chini. Wewe je, kifua chako na lile vumbi la pamba kiwandani? Na binti yangu Among, miguu bado inamvimba? Mwambie asinyanyue mtungi wa maji, na kama haambiliki, basi uufiche mtungi. Karatasi hii ikinuka samaki usinilaumu mimi. Mlaumu Dorcas mchuuzi wa samaki, maana barua zetu zote zinasafiri ndani ya kapu lake, yeye na miguu yake, kutoka soko la Busia mpaka huko.

Sasa kaa chini kwanza. Mwanao Nasirumbi ameanguka. Jana baada ya kanisa alipanda mkwaju nyuma ya ghala, mti niliomkataza mpaka nikachoka, tawi likakatika naye juu yake. Mkono wa kulia umevunjika chini ya kiwiko. Damu haikutoka, lakini mkono ulipinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi. Nilipouona nilikaa chini mimi kabla ya kumwinua yeye.

Ojulong, fundi wetu wa mifupa, alikuja jana hiyo hiyo. Aliunyoosha, akaufunga kwa vijiti vya mtama na kamba za magome. Amesema atakuwa anapita kulegeza kamba kadiri uvimbe unavyokwenda. Ni yeye aliyemfunga Among bega alipokuwa mdogo, na mpaka leo anabebea mtungi bega hilo hilo tunalomkataza.

Lakini sitaki kuamua peke yangu. Mimi nimekaa miaka mingi kambini, laini za polisi, na marehemu mume wangu, na ndiko nilikojifunza hiki Kiswahili tunachoandikiana, maana wewe Kiteso hukijui na Kisamia kinanishinda. Huko nilimwona daktari akiunga watu, na hapa nimemwona Ojulong akiunga watu. Wote wawili wana waliopona, na wote wawili wana waliozikwa. Mtoto ni wa ukoo wenu, kwangu amekuja tu mpaka mama yake ajifungue. Likitokea lolote, kwenu watasema bibi wa Kiteso ndiye aliyemharibu. Kwa hiyo sema neno: abaki na Ojulong, au nimlete hospitali ya huko? Ningekuuliza kwa mdomo, lakini mkwe hamtazami mkwe usoni, na tangu umwoe binti yangu hatujawahi kusemezana. Nashukuru karatasi haina uso.

Mama mkwe wako,
Elinah

*

Tororo,
Jumatano, 4 Februari 1953

Mama mkwe, kwa heshima,

Nakusalimu nikiwa nimeinama huku nilipo. Kifua changu ni hivyo hivyo tu, kikohozi cha asubuhi. Among yu mzima, anakula, lakini hatembei mbali tena. Barua yako nimeisoma nikiwa nyuma ya stoo ya pamba, nisionekane.

Mama, hospitali hapana. Nakuomba kwa heshima zote. Kaka yangu Maloba alivunjika mguu wakati wa vita, lori lilipinduka, wakampeleka hospitali ya jeshi mbali huko. Sisi nyumbani tulingoja arudi. Alirudi na mguu mmoja. Alikaa mlangoni kwa mama yetu, mkewe akaenda kwao, naye akawa hasemi na mtu, mpaka tukamzika. Hakuna aliyemuuliza Maloba kama anataka kukatwa. Alilala, akaamka, mguu haupo. Mtoto wa kike mwenye mkono mmoja atashika jembe na nini? Atasonga ugali na nini? Naogopa kisu kuliko mfupa.

Abaki na Ojulong. Lakini vijiti vya mtama pekee havitoshi. Kwetu Samia marehemu baba alikuwa akifunga ngozi mbichi ya mbuzi juu ya vijiti. Ikikauka inashika kama chuma na mfupa hautikisiki. Niliona kwa macho yangu nikiwa na umri kama wa Nasirumbi. Leo nimenunua ngozi kwa mchinjaji ingali na unyevu, nimempa Dorcas. Uifunge upesi kabla haijakauka, na uikaze.

Ningekuja mwenyewe, lakini huu ni msimu wa pamba na nyapara hatoi ruhusa hata ya msiba. Jambo jingine moja tu: Among asijue. Mwaka jana alipata habari ya kifo cha dada yake, mimba ikatoka siku ile ile. Hii ikitoka pia, mimi sijui.

Nimeweka na sukari kidogo kwa ajili ya mgonjwa.

Mkwe wako,
Mangeni

*

Buteba,
Jumamosi, 7 Februari 1953

Mkwe wangu Mangeni,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mwenye mzigo wake. Mimi nyonga inanisumbua kama kawaida, nayo sasa si kitu.

Ngozi ilifika juzi. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Ojulong na majirani, kwa sababu neno la baba wa mtoto halifichwi. Walisikia kwamba umekataa hospitali, wakatikisa vichwa kukubali. Nilipofika mahali pa ngozi, Ojulong alisimama. Akasema, "Kama Msamia najua mifupa kushinda mimi, yeye akuje afunge mwenyewe." Nilimbembeleza. Nilimwambia baba wa mtoto ana hofu, na mwenye hofu husema mengi. Hakunisikia. Alichukua fimbo yake akaondoka, na leo nimeambiwa amevuka Busia, ng'ambo ya Kenya, kwa binti yake, na siku ya kurudi hakuitaja.

Kwa hiyo nilifunga mimi. Nilifunga kama ulivyosema, nikakaza. Siku ya kwanza nilikusifu moyoni, maana mkono ulitulia na mtoto alikula. Lakini unalijua jua la mwezi huu, hata udongo unapasuka. Jana ngozi ilianza kulia ikikauka. Leo ni ngumu kama kibuyu na Nasirumbi hataki niiguse. Vidole vimetoka mwishoni mwake vimevimba, vinang'aa, na nikivishika ni baridi. Mtoto mwenyewe anachemka, vidole vyake baridi. Sijapata kuona hivyo.

Niambie, baba yako alifanya nini baada ya kufunga? Aliiacha tu? Nataka kuikata, lakini naogopa kwamba nikiikata mfupa utaruka na utakuwa umepinda maisha yake yote, na wewe hukunipa ruhusa. Ananiuliza mimi bibi yake kila mara, "Tata, hii kitu naniuma mpaka lini?" Namwambia mpaka barua irudi. Kesho ni Jumapili, Dorcas hasafiri. Nakasirika na Jumapili, Mungu anisamehe.

Naogopa, Mangeni. Andika upesi.

Mama mkwe wako,
Elinah

*

Tororo,
Jumatatu, 9 Februari 1953

Mama mkwe, kwa heshima,

Nakuamkia. Huku kwema, mvua hakuna. Barua imefika sasa hivi, mchana, Dorcas ameileta mpaka getini.

Usiogope sana. Mfupa ukiunga lazima uume, hata mimi niliwahi kuvunjika kidole nikalia wiki nzima. Kulia kwa mtoto si dalili mbaya, dalili mbaya ni kunyamaza. Baba hakuwa na wasiwasi na watu aliowafunga, na wote walirudi kulima. Mvumilie tu, umpe uji wa wimbi na ile sukari, na

Mama, nimeiacha barua hapo juu nikaenda kumuuliza mlinzi wetu wa geti, mzee wa kwetu Samia aliyemfahamu baba. Nilimuuliza kama mtu anayeulizia mambo ya zamani tu. Nimerudi kwako mbio.

Amesema baba hakuwahi kufunga ngozi kabla uvimbe haujaisha. Akaniuliza, "Na maji je?" Nikamwambia maji gani. Akasema ngozi ile ilikuwa inalowanishwa asubuhi na jioni, kila siku, na hiyo ilikuwa kazi ya bibi yangu, anakwenda nayo maji kwenye kibuyu nyumba kwa nyumba. Isipolowanishwa inajikunja na kukaba. Mimi nilimwona baba akifunga. Bibi sikumwona, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilikuwa nikimtazama baba.

Ikate. Ikate sasa hivi unaposoma, usimalize barua. Tumia kisu, anzia upande wa kiwiko, uipashe maji ya uvuguvugu kwanza ilegee.

Nimemwambia Dorcas arudi leo leo, nimemlipia samaki wake wote asikae kuuza.

Hospitali bado nasema hapana. Ngoja tuone ngozi ikitoka.

Mkwe wako,
Mangeni

*

Buteba,
Jumanne, 10 Februari 1953

Mangeni,

Salamu utanisamehe.

Ngozi niliikata jana kabla barua yako haijafika. Sikungoja tena. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na hata wewe umeandika kwamba kunyamaza ndiyo dalili mbaya. Chini yake mkono ni mweupe na una malengelenge. Vidole viwili vya mwisho vimekuwa vyeusi. Si vyeusi kama ngozi yetu, vyeusi kama chungu. Na kuna harufu. Mimi nimewaosha wafu, harufu hiyo naijua, ila sijawahi kuisikia kwa mtu anayepumua.

Anakwenda hospitali. Hili sikuombi.

Nimezunguka kwa majirani wote tangu alfajiri nikiomba wanaume wambebe kwenye machela. Wote wamenijibu neno moja: baba yake amekataa, tulisikia kwa masikio yetu. Akifa njiani, damu yake ni ya nani? Hawana ubaya, wanaogopa ukoo wenu. Mimi mwenyewe nilimfunga mgongoni nikatembea. Nilifika kwenye kijito, nyonga ikakataa, nikarudi nikitambaa naye.

Njoo na baiskeli. Ni wewe peke yako wasiyeweza kumkatalia.

Na sasa lile lingine, nalisema wazi kwa sababu muda hatuna. Mtoto hawezi kukaa peke yake kwenye keria, anaanguka huku na huku. Wa kumshika ni mimi, mwanamke mwingine hapa hakubali. Nitakaa nyuma yako, na magoti yangu yatagusa mgongo wako, mchana, barabarani, watu wakitazama. Najua maana yake kwenu na kwetu. Watasema tumevua nguo zetu sote wawili. Wakisema, watasema mtoto akiwa hai.

Dorcas ameacha kapu lake kwangu. Anakuja na barua hii mikononi tu, ndiyo maana hainuki.

Elinah

*

Tororo, kwenye geti la hospitali,
Alhamisi, 12 Februari 1953

Mama mkwe, kwa heshima, kama bado naweza kuandika neno hilo,

Muuguzi Amuge ndiye anayekuletea karatasi hii humo wodini. Mimi niko hapa nje chini ya ukuta. Siwezi kuingia kwa sababu wewe umo, na siwezi kwenda nyumbani kwa sababu mtoto naye yumo. Usingizi uliupata? Wamekupa chakula?

Jana nilipofika kwako nilisimama nyuma ya ghala nikakohoa, nikageuza mgongo, nikakusikia unakuja ukiburuta mguu. Sikugeuka. Ulipokaa nilihisi goti lako, na nguo yangu ililowa jasho kabla sijakanyaga pedali hata mara moja. Pale njia panda wale wazee waliondoka barabarani wakatugeuzia mgongo. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulikuwa ukiomba kwa Kiteso, na mimi nilishika jina la mtoto tu kila lilipopita.

Halafu kwenye ule mwinuko mtoto alikoma kulia. Ulikoma kuomba pia. Nilifikiri, sasa. Nilitaka kugeuka nimtazame, lakini ningekutazama wewe. Ndipo nikauliza, na ni mara yangu ya kwanza kukusemesha tangu nimwoe binti yako, nikauliza, "Yuko hai?" Nawe ukasema, "Kanyaga."

Sikujua kama maana yake ni ndiyo. Nilikanyaga mpaka Tororo bila kujua.

Sasa sikiliza. Daktari ameniita ofisini. Anasema vidole vile viwili vimekufa, lazima vikatwe leo, kabla sumu haijapanda. Wakivikata leo anafikiri watauokoa mkono. Anafikiri, hakusema anajua. Wakingoja watakata mkono, wakingoja zaidi hakuna cha kukata. Na aliuliza ni nani aliyenyoosha mfupa ule, maana umenyooshwa vizuri, angefanya hivyo hivyo yeye mwenyewe. Nikasema ni mzee wa huko kwetu. Akauliza, na hiki kilichokaba ni nini. Mama, mfupa ni wa Ojulong. Ngozi ni yangu.

Wanataka nitie sahihi. Nimeishika kalamu, nikamwona Maloba amekaa mlangoni. Nimemwambia daktari nipe muda kidogo, nimekuja hapa ukutani kukuandikia. Ulipokuwa unaniuliza niseme neno, nilisema upesi upesi kama mtu anayejua. Sasa nakuuliza wewe. Nikitia sahihi akafa kwa kisu, nitakuwa nimemuua mara mbili. Sema neno.

Mangeni

*

(nyuma ya karatasi ile ile)

Mangeni,

Yuko hai. Jana nilisema kanyaga kwa sababu sikuwa na uhakika, na nisingekudanganya.

Tia sahihi. Na mimi naogopa. Lakini Maloba hakuulizwa, wewe umeulizwa, hiyo tayari ni tofauti. Nimemweleza Nasirumbi mwenyewe kwamba vidole viwili vitaondoka. Akauliza vitapelekwa wapi. Nikasema sijui. Akauliza kama Baba anajua. Nikasema ndiye anayeamua. Akafumba macho.

Ukishatia sahihi ingia umwone kabla hawajamchukua. Mimi nitageukia ukutani. Kitanda kiko karibu na dirisha, pita upande ule mwingine. Usipoingia kwa ajili ya haya yangu, haya hiyo siitaki tena.

Haraka.

Elinah

*

Tororo,
Jumapili, 26 Aprili 1953

Mama yangu Elinah,

Nakuamkia, nikitumaini nyonga imepata nafuu na mvua imekufikia, maana huku imenyesha mpaka mwamba wa Tororo hauonekani. Hatujaandikiana tangu urudi Buteba. Sikuwa na la kuandika ambalo ningeweza kulitazama baada ya kuliandika.

Among amejifungua mtoto wa kiume, salama, wote wazima. Amemwita Ekaju kwa jina la marehemu baba yake, mumeo. Mimi sikuulizwa. Alipojua yote, siku ile uliyomletea Nasirumbi mlangoni na kitambaa mkononi, alinitazama tu. Kwa muda mrefu alikuwa ananisemesha kupitia mtoto: mwambie baba yako chakula tayari. Wiki hii ameanza kuniita mwenyewe. Nashukuru kwa hilo kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Mkono umepona. Vidole vitatu vinafanya kazi, kile cha katikati ni kizito kidogo. Wiki iliyopita nilimkuta anajifunza kushika mwiko. Uliponyoka, akauokota, ukaponyoka, akauokota. Nilitoka nje. Sikutaka aone uso wangu.

Ojulong nilimfuata Busia kwa binti yake. Nilipiga magoti uwanjani, mbele ya wajukuu zake. Aliniacha hapo mpaka magoti yakafa ganzi, kisha akasema, "Sasa wewe nakwenda nyumbani. Mfupa yangu iko sawa?" Nikamwambia iko sawa, hata daktari aliisifu. Akacheka, akaagiza niletewe chai.

Wazee wa kwetu wanataka mbuzi wa kusafisha ile safari yetu ya baiskeli, ili nikusalimie tena kama mkwe anavyosalimia. Mbuzi nitamleta kwa miguu yake. Ngozi nitawaachia wazee, mimi sitaki kuiona.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nasirumbi anataka kurudi kwako. Anasema huku hakuna mkwaju. Among amekubali, na mimi nimekubali, ingawa ule mti ningetamani ukatwe. Dorcas atamleta Alhamisi.

Bado naogopa kisu, sitakudanganya. Usiku mwingine naota ile kalamu. Lakini nimehesabu barua zetu, na kila moja ilipokuwa njiani kwenye kapu la samaki, vidole vilikuwa vinakufa. Kwa hiyo hili ndilo neno langu, na hili ulisomee majirani kwa sauti kama ulivyowasomea lile la kwanza. Akianguka, akiungua, akikatwa na jembe, homa ikimshika, kama ni la Ojulong mpe Ojulong, kama ni la daktari mpeleke kwa daktari, na yeyote utakayemwomba ambebe, ajue ni mimi ninayemwomba.

Usiniandikie kwanza. Mpeleke, halafu ndipo uandike.

Mwanao,
Mangeni